Tiruwork na Mkaratusi Ulioinamia Jiko

Saa mbili asubuhi, pembezoni mwa mji wa Injibara, Ethiopia, mpima miti Tiruwork Alamneh anazungusha kamba yake kwenye shina la mkaratusi, usawa wa kifua. Mvua zimelegeza mizizi na mti umeinamia jiko la bibi Enatnesh. Leo lazima ukatwe, na utaangukia huko huko ulikoinamia.

Kutoka shina hadi ukuta wa jiko ni mita 21. Jiko lenyewe limeezekwa upya mwezi uliopita, kwa akiba ya miaka mitatu.

“Mama, hamisha vyungu tubomoe,” anasema Belay, mkata miti. “Mti wenye shina nene hivyo haupungui mita ishirini na tano!”

“Bomoa kichwa chako!” bibi anamjibu.

Mawingu yamefunika jua, kivuli cha kupimia urefu hakuna. Imebaki kamba, ambayo mafundo yake yanampa Tiruwork kipenyo cha shina, naye hukadiria urefu kutokana nacho: sentimita 40. Kwenye shamba la miti iliyosongamana, Belay angekuwa sahihi kabisa. Ila huu umesimama peke yake, na Tiruwork, mwenye miaka 46, kosa hilo analijua.

“Mwaka juzi nilimbomolea mtu ghala bure,” anasimulia, akicheka kwa aibu. “Mti ulikuwa peke yake, mimi nikaukadiria kama wa shambani. Ukaanguka, wala haukufika! Mti usio na jirani urefuke ushindane na nani? Unanenepa tu.”

Anayatazama matawi yaliyoanzia chini, anapima tena.

“Mita kumi na nane. Jiko libaki.”

“Na ukikosea?” anauliza Belay.

“Nitalijenga mimi.”

Kwa mti mmoja hulipwa birr 100, na hizo hazinunui hata bati moja. Anaikunja kamba na kuiingiza mfukoni.

Shoka linaanza. Mti unapasuka, unayumba, unakwenda chini kwa kishindo. Majani yakitulia, kilele kimelala hatua tatu kutoka ukutani.

Bibi anapiga vigelegele. “Haya Belay, vyungu nivihamishie wapi?”

Muda si mrefu kahawa inachemka ndani ya jiko lile lile. Tiruwork anashika kikombe, amefurahi hasa.

“Nami nimepanda mikaratusi mia mbili nyuma ya nyumba, nimeibananisha ikimbizane kwenda juu,” anasema. “Baada ya miaka mitano itakuwa nguzo za jiko langu.”

“Nitakuja kukupimia,” Belay anamchokoza.

“Wewe? Thubutu! Utanibomolea kabla sijajenga.”