Ngalula wa Uwanja wa Kapata

Nilitoka Dilolo kwa ajili ya mjukuu wangu Bijou. Alijifunza tenisi kwenye ua wa misheni, na habari zilitufikia kwamba timu ya wasichana wa Kolwezi, inayojiandaa kwenda kushindana Lubumbashi, imebakiwa na nafasi moja. Kocha, Tata Ilunga, angemnoa kwanza, kisha angempambanisha na msichana mwingine, na mshindi angeichukua nafasi hiyo. Mama yake Bijou, binti yangu Ngalula, alifariki mtoto akiwa bado mdogo, basi wa kumsindikiza nilikuwa mimi. Tenisi siijui. Najua kuomba na kungoja, na nilishukuru kwamba safari hii ilitaka vyote viwili.

Barabarani tulikaa mbele ya lori, kando ya shofa aliyeliendesha. Miti ilipita polepole, myekundu kwa vumbi, nami nikawa nasinzia na kuamka, nisijue kama ni kijiji kile kile au kingine. Bijou alipakata raketi yake. Jioni taa za migodi zikatokea juu ya vilima, nyingi na tulivu, kana kwamba nyota zimeshuka kupumzika.

"Kambo, lala tu," shofa akaniambia, maana ndivyo wanavyotuita sisi mababu. "Kolwezi haiwezi kukimbia."

Kapata, mtaa wa Kolwezi tulikofikia, ni mistari ya nyumba za wafanyakazi wa zamani wa mgodi, zote sura moja. Asubuhi ya kwanza, katika ukungu, tulimkuta Tata Ilunga akimwagia maji uwanja wa udongo. Kwake hakuna anayeshika raketi kabla ya kufagia na kumwagilia, kwa sababu ya vumbi la malori ya madini. Bijou akafagia. Kisha siku zilizofuata akafundishwa jambo moja tu, namna ya kuanzisha mpira.

"Mutoto, unatupa chini sana. Tupa juu, ungojee. Usiukimbilie, mupira haiko bus."

"Nikiungojea, naogopa utaanguka."

"Utaanguka, ndiyo. Utaangukia mu raketi yako."

Nilikaa kando nikiutazama mpira ukipanda ndani ya ukungu, ukitoweka kidogo, ukirudi. Zaburi zilinijia zenyewe. Taratibu mwili wa Bijou ukaacha haraka.

Jumamosi ikawa siku ya mechi. Mpinzani alikuwa amemzidi Bijou umri kidogo, wa familia yenye asili ya Kasai kama sisi.

"Jina yako nani, yaya?" Bijou akamuuliza, akimwita kama dada mkubwa.

"Ngalula."

Uso wa Bijou ukabadilika. Kwetu, anayebeba jina la mama yako ni mama yako. Humpandishii sauti, wala humpiti mbele. Mimi mwenyewe nilijikuta nimemwita mwanangu.

Mchezo ulipoanza, mafunzo yote yakayeyuka. Bijou aliupeleka mpira taratibu mpaka kwenye raketi ya Ngalula, kama anayempa mkubwa maji kwa mikono miwili. Kila alipopata pointi kwa bahati, alisema, "Pardon, mama." Vijana wachimbaji waliotoka mgodi wa Mutoshi walikuwa wameegemeza baiskeli zao kwenye uzio.

"Mama, ikala tu mu kiti," mmoja akapaza sauti, "mutoto atakuletea mupira na chai!"

Wakacheka. Seti ya kwanza ikaenda kwa Ngalula, ya pili nayo ikaanza kwenda. Bijou akanitazama. Nilitaka kumwambia apige, lakini ni mimi niliyemlea katika heshima hiyo. Nikaomba tu.

Ngalula ndiye aliyesimamisha mchezo. Akaja kwenye neti.

"Uko unacheza ao uko unanisalimia?"

"Weye ni mama yangu," Bijou akajibu. "Siwezi kukupigia mupira kwa nguvu."

"Mi ni mama yako?"

"Ndiyo."

"Bon. Mama anakutuma. Piga. Ao utamukatalia mama?"

Bijou akainamisha kichwa kama anayepokea baraka. Akarudi nyuma, akautupa mpira juu, akaungojea. Sikuuona ukitua, niliona udongo ukiruka nyuma ya Ngalula.

"Njo vile," Ngalula akasema, yaani ndivyo hivyo, naye akaanza kupiga kwa nguvu zake zote, bila kumhurumia. Walishindana mpaka vivuli vikavuka uwanja mzima. Bijou akaipata seti ya pili, na ya tatu kwa shida sana. Kisha akavuka upande wa pili akapiga magoti. Ngalula akamwinua huku machozi yakimtoka, maana nafasi ile naye aliitamani.

Tata Ilunga akasema wachezaji watabaki Kolwezi kufanya mazoezi mpaka siku ya kwenda Lubumbashi. Nikamuuliza mtoto atalala wapi. Kocha alikuwa bado anafikiri, Ngalula akanijibu huku akifungua viatu.

"Kambo, unauliza nini? Mutoto atalala kwa mama yake."

Nikarudi Dilolo peke yangu, nikisinzia na kushukuru. Nilikuwa nikidhani heshima ni kupunguza nguvu mbele ya mkubwa. Sasa najua mkubwa aweza kukuomba nguvu zako zote, na kumpa ndiko kumheshimu. Nadhani Mungu naye hutuomba vivyo hivyo.

Kanisani wananiuliza Bijou nimemwacha kwa nani. Nawajibu, kwa mama yake. Wananitazama, maana wengi wao walikuwepo tulipomzika mama huyo. Ndipo ninapokaa na kuwasimulia.