Zimwi Lililopata Kazi Zamu ya Usiku

Saa nane usiku. Nje hata mbwa wamenyamaza, lakini ndani ya chumba hiki kirefu chenye kuta nyeupe hakuna anayenong'ona. Mashine ya kukandia inanguruma, redio inaimba juu ya rafu ya trei, na mwanamke mwembamba mwenye unga hadi kwenye nyusi anabonyeza donge kwa kidole gumba, anangoja, anabonyeza tena.

"Bado," anasema. "Tukiliharakisha litatuaibisha asubuhi."

"Hamira kasema bado!" fundi mkuu anapaza sauti kuelekea kwenye tanuri. "Moto usubiri, bosi hajaridhika."

Wote wanacheka. Hamira ndilo jina alilobandikwa hapa kwenye kiwanda cha mikate wiki ya kwanza tu, kwa sababu hawezi kukaa akatulia. Hata chai anainywa amesimama. Ana miaka ishirini na saba, mtoto mmoja, na kitabu cha fasihi alichokivika mfuko wa plastiki kisiingie unga. Mchana analala, jioni anasoma, usiku anaoka.

"Watu wakisikia nafanya kazi usiku wananionea huruma. Pole, dada. Pole ya nini?" anauliza huku akipangusa meza. "Usiku hapa kuna joto, kuna redio, kuna watu wanaonichekesha. Wasiwasi wangu ulikuwa nyumbani."

Kabla tanuri halijapakiwa, fundi mkuu anakwangua mabaki ya unga kwenye beseni, anayafinyanga kuwa kimkate cha kuenea kiganjani, na kukiingiza peke yake. Wanakiita mpelelezi. Kikitoka na rangi nzuri, mingine inafuata. Kikiungua, moto unapunguzwa. Mpelelezi hauzwi, ni wa yule aliyekanda usiku huo. Hamira hufunga wake kwenye kitambaa na kwenda nao nyumbani ungali na uvuguvugu.

Anayeusubiri ni binti yake wa miaka mitano, ambaye kwa kuongea kwake nyumba nzima inamwita Chiriku. Na ni Chiriku huyohuyo ambaye, miezi michache iliyopita, nusura aikatishe safari yote hii.

Alikuwa hataki kulala. Mama akitoka tu saa nne, mtoto anaanza: analia mpaka anatapika, anang'ang'ania kitasa cha mlango. Bibi yake, anayelala naye, ni fundi cherehani. Kutwa nzima anapinda mapazia na sare za shule. Usiku ukifika hana nguvu iliyobaki ya kubembeleza mtu.

"Nilimwambia mwanangu waziwazi," anasema bibi, uzi ukiwa mdomoni. "Mpaka mwisho wa mwezi. Mtoto akilala, endelea. Asipolala, hamia zamu ya mchana. Mimi si mashine, na hata mashine yangu naizima."

Zamu ya mchana ipo, ya kufungasha. Lakini inaisha giza likiingia, na masomo ya jioni huanza saa kumi na moja. Hamira aliacha shule akiwa kidato cha pili, na mwaka huu ndio wa kufanya mtihani wa kidato cha nne. Kuhamia mchana kulikuwa na maana ya kuliaga darasa.

"Yule analia ndani, mimi nalia njiani," anasema. "Tulikuwa kwaya."

Katika wiki hizo ngumu, mwalimu wa fasihi aliandika neno moja ubaoni: USIKU. Akawauliza wanafunzi wake, wengi wao watu wazima waliotoka makazini, linasimama badala ya nini katika mashairi na hadithi walizosoma. Majibu yalimiminika. Ujinga, akasema dereva mmoja. Dhuluma, akasema muuguzi msaidizi. Kifo. Huzuni. Wezi.

"Mimi nikasema, kazini," anakumbuka Hamira. "Darasa zima likavunjika mbavu."

Mwalimu naye alicheka, kisha akasema jambo ambalo Hamira hajalisahau. "Hilo nalo ni jibu. Giza lenyewe halisemi kitu, msimulizi ndiye anayelipatia kazi. Mmoja anaficha wezi humo, mwingine anaficha wapenzi. Nendeni nyumbani mkasikilize: kwenu usiku unasimuliwaje?"

Jioni hiyo, badala ya kupiga pasi sare yake, Hamira alikaa ukingoni mwa kitanda akamsikiliza mama yake akimsimulia Chiriku. Zilikuwa hadithi zilezile alizolelewa nazo yeye. Jua likizama, zimwi linatoka pangoni, linapita njia tupu likinusa nani bado yuko nje.

"Mama," akamkatiza, "mbona zimwi lako halitoki mchana?"

"Mchana limelala. Kama wewe."

Ulikuwa utani. Lakini Chiriku hakucheka. Alilishika gauni la mama yake, akauliza kwa sauti ndogo: "Mama, ukienda kazini, huwa mnakutana nalo?"

Kumbe! Muda wote huo wakubwa walidhani mtoto anaogopa giza. Waliacha taa ikiwaka, wakamnunulia mdoli, wakamgombeza. Chiriku hakuwa akijiogopea. Alikuwa akimwogopea mama.

Hamira anaposimulia hapa, mikono yake isiyojua kutulia imetulia juu ya meza. "Kitoto kama kile kinakesha kunilinda," anasema, "halafu mimi nakasirika kwa nini hakilali."

Alijaribu kumwambia kwamba hakuna zimwi. Chiriku akajibu kwamba bibi hasemi uongo. Hapo bibi akajikuta amebanwa: ama akiri kwamba ametunga, ama alitafutie zimwi shughuli nyingine.

"Niitwe mwongo na mke mwenzangu?" bibi anasema akimtania mjukuu wake, aliyejilaza mapajani pake. "Nikamwambia, kaa chini. Hujanisikiliza mpaka mwisho."

Mwisho ukapatikana palepale, bibi na Hamira wakipokezana. Zimwi, likiwa linanusanusa, likakutana na harufu ya mkate. Likaifuata mpaka dirishani, likaona watu wanakanda na kucheka. Likabisha hodi kwa aibu: shikamooni, nina njaa tangu enzi za babu yangu. Fundi mkuu akalitazama kucha, akaliambia likanawe mikono kwanza. Tangu usiku huo zimwi limeajiriwa. Ndilo linalomsindikiza mama njiani, na wakifika linapuliza moto wa tanuri.

"Na mshahara wake?" Chiriku alitaka kujua.

"Mkate," akajibu bibi. "Na likichelewa linakatwa."

Usiku ule mtoto alilia kidogo tu. Siku chache baadaye, bibi alishtuka alfajiri kwa sababu kimya kilikuwa kimezidi. Akapapasa godoro. Mkono ukazama kwenye kitu laini, chenye unyevu, kinachonata.

"Nikapiga ukelele," anasema. "Nikajua leo nimelishika lenyewe."

Lilikuwa donge la unga. Chiriku alichota unga jikoni, akatia maji na konzi nzima ya hamira, akalifunga kwenye kipande cha pazia na kulilaza katikati yao lipate joto, kama alivyosikia mama akieleza. Likaumuka, likapasua fundo, likatambaa hadi kwenye mto na nywele za bibi. Mpishi mwenyewe alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi.

Alipoamshwa alikasirika. "Mmeniharibia! Huo ni mkate wa zimwi. Likishiba halichoki kumsindikiza mama."

Hamira alipofika na mpelelezi wake mkononi, alimkuta mama yake akichambua unga kwenye nywele, analalama na kucheka kwa pamoja. "Mwezi umeisha," bibi alimwambia, ingawa ulikuwa bado. "Baki na zamu yako. Ila hizo shuka unafua wewe."

Siku hizi kiwandani mkate ukiungua hakuna anayegombana. "Zimwi limezidisha kupuliza," husema fundi mkuu, na kazi inaendelea. Darasani, Hamira aliandika hadithi hiyo kama zoezi lake, na yule muuguzi msaidizi akaomba nakala akawasomee wanawe.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo. Akimaliza mtihani, anataka kuandika kitabu cha hadithi za kulalia, kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao hutoka wakati wenzao wanajifunika shuka. "Watoto wa walinzi, wa madereva, wa wauguzi," anasema. "Kila kazi ya usiku nataka niipatie zimwi lake."

Saa nne, yuko mlangoni, koti begani. Chiriku amejifunika hadi kidevuni. Halii.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Limeshafika?"

Hamira anafungua mlango, anatazama barabara tupu kulia na kushoto. "Limefika. Liko pale kwenye nguzo ya taa."

"Liambie likushike mkono."

"Nitaliambia."

Mlango unafungwa. Hamira anaondoka kwa hatua zake za haraka, mkono mmoja mfukoni, mwingine ameuacha wazi pembeni, vidole vimekunjwa kidogo, kama mtu anayetembea na mwenzake.