Hodi Isiyo na Mgeni

Mshona nguo mmoja, msichana ambaye wateja walimwita Sindano kwa wembamba wake, alikuwa peke yake kibandani mchana mmoja aliposikia mlango ukigongwa.

"Karibu!"

Kimya. Akafungua, asione mtu. Alipoketi, ko-ko-ko ikaanza tena, mbiombio. Hapo akaiona futi ya kupimia nguo iliyoning'inia shingoni mwake ikirukaruka kifuani, ikifuata mlio ule ule. Aliyebisha hodi alikuwa ndani yake.

"Mama yako naye aligongewa hivyo hivyo kabla hajatutoka," shangazi yake alimnong'oneza jioni alipomsimulia. "Usiitikie, mwanangu."

Kulipokucha, kifua kikimbana, alikwenda hospitali. Daktari alimpapasa shingo, akavitazama vidole vyake vinavyotetemeka, akamtoa damu. Majibu yaliporudi akasema, "Tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, dada. Ndiyo inayoukimbiza moyo. Inatibika. Wakati mwingine huandama ukoo."

Alimeza dawa, na wiki zilivyosonga moyo ukatulia. Ila alimlilia mama yake upya, aliyekufa amefumba kinywa, akiuogopa moyo wake mwenyewe.