Mkoba Wangu Mbele ya Wakwe wa Koboko

Ukienda Koboko ukamuulizia yule mwanamke wa Arua aliyevutana mkoba na bibi kizee mbele ya wakwe, hawatakutajia jina langu, watakuonyesha tu kwa mikono nilivyovuta. Ndiyo, ni mimi. Nimechoka kusikia mkasa wangu ukisimuliwa na watu ambao hata hawakuwapo (kuna mmoja anasema nilikimbia bila kitenge, mwongo mkubwa yule), kwa hiyo kaeni niwasimulie mwenyewe, na mkicheka, chekeni kwa adabu.

Kwanza mwelewe habari ya mwili wangu. Mimi hufuma tabaga, zile kawa za rangi ambazo sisi Wanubi tunafunikia chakula, na kazi hiyo ni ya vidole tu. Sasa vidole vikaanza kuvimba, asubuhi siwezi kufungua hata kifuniko cha chupa, magoti nayo yanakaza, mpaka daktari akaniambia ni baridi yabisi ya ile aina ambayo askari wa mwili wanamgeukia mwenye mwili. Nilicheka huku nalia, maana ukoo wetu wote ni wajukuu wa askari, na hawa wa ndani yangu ndio wakaamua kuasi. Akanipa dawa, kisha mama mmoja wa mambo ya lishe akaniambia tujaribu pia kuondoa baadhi ya vyakula, halafu turudishe kimoja kimoja, mwili ukichafuka tunajua adui ni nani. Akanikataza ngano, maziwa, mayai, nyanya, pilipili, karanga na simsim, huo ufuta wenu. Jamani, mtu wa West Nile ukimwondolea karanga na simsim umembakizia nini? Nilibaki na wali, samaki wa kuchemsha, majani, na viazi vitamu vya mama mmoja wa Ajia ambaye alidhani nafuga nguruwe kwa siri, kwa jinsi nilivyovinunua.

Lakini vilisaidia, hilo siwezi kuficha, dawa na viazi pamoja. Vidole vikaanza kufunguka. Nilikuwa nimefuma tabaga nzima, ya kwanza baada ya muda mrefu, na zilibaki siku chache tu nianze kurudisha chakula cha kwanza (nilishachagua mayai, nilikuwa nayaota usiku). Yule mama alinionya kwamba nikila ovyo katikati, tunaanza upya.

Ndipo mdogo wangu Ramadhani akapata mchumba Koboko. Binti anaitwa Saida, mtulivu, na mama yake anauza chakula sokoni, gurusa, ile mikate laini ya ngano, na mchuzi, watu wanapanga foleni. Siku ya kwenda kuposa ikapangwa, na mimi kama dada mkubwa wa bwana harusi sikuwa na pa kukimbilia, maana kwetu dada wa mwanamume ndiye anayefunua sinia na kuchukua tonge la kwanza. Mama yangu akaniita jikoni asubuhi ile.

"Wewe, Zaituni, mambo ya ugonjwa yako usipeleke kule."

"Mama, na chakula nitafanya nini?"

"Utakula kidogo. Ukisema unaumwa, watasema iko kwa damu yetu, eti Saida atazaa watoto wa kushika ukuta. Unataka kuharibia Ramadhani?"

Sikutaka. Ramadhani ndiye aliyenipeleka hospitali kwa pikipiki yake siku zile siwezi kupanda mwenyewe, ananinyanyua ananikalisha. Basi nikaamua jambo dogo tu, dogo kabisa: nisiseme, na nisile. Nikatia kwenye mkoba viazi vyangu viwili vya kuchemsha na mfuko wa plastiki mtupu. Nikajiona mjanja. Njia nzima ya kwenda Koboko nilikuwa najipongeza moyoni.

Tulipokelewa vizuri mpaka nikaona aibu. Wanaume wakakaa barazani na Ami Rajabu, msemaji wetu, sisi wanawake tukaketi ndani kwenye mikeka, na mlango uko wazi, wote tunaonana. Bibi yake Saida alikuwa katikati, mwembamba, macho makali. Wote wanamwita Habuba, ndiyo bibi kwa Kinubi chetu. Sinia likaja, nikafunua tabaga, na chini yake palikuwa na kila kitu nilichokatazwa: gurusa za ngano, laini, zinatoa mvuke, na mchuzi wa nyama kavu uliopikwa kwa karanga na simsim ya kusaga mpaka mafuta yamepanda juu. Mate yakanijaa. Nikasema bismillahi, nikakata tonge, nikalipeleka mdomoni chini ya mtandio, na tonge likateremka zake ndani ya mkoba.

La kwanza liliingia vizuri. Shida ni kwamba shangazi yake Saida alikaa ubavuni pangu, na ni mmoja wa wale watu ambao mgeni asipokula hawalali.

"Kula, dada. Chukua hii nyama, hii iko nzuri. Mbona unakula kama ndege?"

Akanisogezea nyama, nami nikaisogeza mkobani. Akaniongezea gurusa, nikaiingiza mkobani. Kila mara nasikia mfuko unanong'ona, kracha kracha, nami nakohoa kuufunika. Mafuta yakaanza kupenya, nayasikia kwenye paja, ya moto, na jasho linanitoka mgongoni. Huko barazani Ami Rajabu naye anazungumza taratibu utadhani tuna mwaka mzima wa kukaa pale. Magoti yangu yalikuwa yameshakaza kwa kukaa mkekani. Nilikuwa naomba kitu kimoja tu, ikubaliwe twende zetu.

Ikakubaliwa! Wakasoma fatiha, vigelegele vikapigwa, majirani wakasogea uani kuangalia, Ramadhani anatabasamu mpaka masikioni. Nikapumua. Kisha Habuba akanyoosha mkono.

"Lete mkoba."

Hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho hata mtoto wa Kinubi anakijua. Mgeni wa heshima hatoki mkono mtupu. Mwenyeji anautwaa mkoba wako, anautilia zawadi, halafu anakubebea mpaka kwenye gari. Habuba alikuwa ameshika kopo la simsim na kifurushi cha ubani.

"Habuba, usijisumbue, nitabeba mwenyewe."

"Lete, mwanangu. Hiyo kazi yangu."

"Hapana, Habuba, wallahi, ni mzito."

"Mkoba ya mwanamke iko na mzito gani?" Akashika mshipi, akavuta. Nami (Mungu anisamehe) nikavuta. Akavuta tena, ana nguvu yule bibi, shangazi anacheka akidhani ni heshima tu, kila mmoja anajifanya kumhurumia mwenzake, mpaka mshipi ukakatika na mkoba ukapinduka mkekani. Vikatoka viazi vyangu viwili. Ukatoka mfuko. Zikamwagika gurusa zao, nyama yao, mchuzi wao, rojo moja, mbele ya wanawake na mbele ya wanaume waliokuwa wanavaa viatu mlangoni.

Kuna nzi mmoja alitua kwenye nyama, namkumbuka mpaka leo.

"Hii chakula yangu?" Habuba akauliza. "Ulikuwa unapeleka wapi?"

Nyinyi mnajua kwetu jambo hili lina maana gani. Mtu asiyekula chakula chako anasema wewe ni mlisha sumu. Na anayekibeba kwa kificho ni mbaya zaidi, anakipeleka kwa mganga. Nikamsikia shangazi akimnong'oneza mwenzake, na kicheko chote kimemtoka usoni. Baba yake Saida akaingia na kiatu kimoja mguuni.

"Mutu anaogopa chakula yetu," akasema polepole, akimwangalia Ami Rajabu, "na mtoto yetu anakuja kwenu. Atakula nini huko?"

Ramadhani akaniangalia, na ule uso sitausahau, hakuwa amekasirika, alikuwa ananiomba. Chumba cha pili nikasikia Saida ameanza kulia. Hapo ningesema kweli, ningekuwa nimemaliza. Lakini maneno ya mama yalikuwa kichwani, iko kwa damu yetu, iko kwa damu yetu, na mimi nikaongeza ujinga juu ya ujinga.

"Leteni sahani," nikasema. "Nilikuwa nampelekea mama yangu aonje, ni tamu mno. Nipeni nile tena, mtaona!"

Nikala. Sikula kidogo, nilikula karibu kwa mikono miwili, gurusa baada ya gurusa, mchuzi nauchovya mpaka kifundo cha mkono, wote wamenizunguka wanahesabu ninavyomeza. Na ilikuwa tamu, jamani, hilo ndilo lililoniuma zaidi. Shangazi akaanza kucheka tena. Baba yake Saida akavua kile kiatu. Nikaona uso wa Ramadhani unakunjuka, nikasema alhamdulillahi, nimeokoa ndoa.

Tumbo lililozoea viazi vya kuchemsha halikukubaliana nami. Lilianza kujisokota, nikatabasamu. Likajisokota tena, jasho la baridi likanitoka, nikataka kuinuka nitoke nje haraka, na magoti yakakataa. Yalikuwa yamekaza kabisa kwa kukaa mkekani siku nzima. Nikaanguka kifudifudi juu ya sinia, kwa kishindo, halafu nikatapika pale pale, kwenye mkeka wa wakwe, siku ya posa.

Uani sauti moja ya mwanamke ikapanda: "Amelishwa sumu! Mgeni amelishwa sumu!"

Mara watu wakajaa mlangoni. Mmoja anaita bodaboda, mwingine anasema leteni maziwa, mwingine anasema polisi, Ramadhani amenishika kichwa ananiita jina. Mimi nipo chini, nanuka, na kutoka pale chini nikauona uso wa Habuba. Alikuwa amezeeka zaidi ghafla. Alishika lile kopo la simsim kifuani na midomo inacheza bila neno, maana alijua nini kinamjia, nyumba ikishaitwa ya sumu Koboko, hakuna anayenunua kwao hata maji. Yote hayo nilimletea mimi, yeye aliyekuwa anataka kunitilia zawadi mkobani.

"Si sumu!" nikapiga kelele. "Mimi ni mgonjwa! Ugonjwa nimetoka nao Arua, uko mwilini mwangu siku nyingi! Sili karanga, sili simsim, sili ngano, nilificha! Nilificha kwa sababu ya Ramadhani!"

Na nikainua mikono yangu wavione vidole vilivyopinda. Nililia kama mtoto, siwadanganyi.

Habuba akakaa chini pale mkekani, pembeni ya uchafu wangu.

"Sasa wewe ulikula," akasema, "na unajua inakuumiza?"

"Ndiyo, Habuba."

"Kama unakufa hapa kwangu leo kwa sababu ya adabu, watu watasema nani amekuua?"

Alininawisha uso kwa mkono wake mwenyewe, lakini hakuniangalia.

Nikarudi Arua, vidole vikavimba wiki nzima, tabaga nikaziweka pembeni, na yule mama wa lishe akaniambia tunaanza upya (mayai yangu kwaheri). Hayo niliyastahili. Lililonitoa usingizi ni simu ya shangazi yake Saida. "Watu hapana kuja kula," akasema. "Mama Saida anapika, anarudi nayo nyumbani." Waliosikia "sumu" walikuwa wengi, waliosikia "mgonjwa" walikuwa wachache. Na baba yake Saida alisema mambo ya harusi yasimame kwanza. Kisha simu ikachukuliwa na Habuba mwenyewe.

"Utakuja," akasema. "Utakula sokoni, mchana, watu wote waone."

Nilikwenda na Ramadhani. Mama yangu alitaka kunizuia, nikamwambia mama, safari hii nasema kila kitu. Sokoni Koboko wakaniweka kwenye benchi la mbele, na watu wakasogea, wengine wamejifanya wananunua vitunguu. Habuba akaniletea sahani: viazi vitamu na samaki wa kuchemsha, maji na chumvi basi, alipika mwenyewe. Nikasema kwa sauti, ili na wa vitunguu wasikie, mimi ni Zaituni wa Arua, nina baridi yabisi, nyumba hii haikunipa chochote kibaya, mwili wangu ndio mkorofi. Kisha nikala. Hata njaa sikuwa nayo, na macho yote yanafuata kila tonge mpaka linashuka.

Nikiwa katikati, Habuba akakaa benchini, akatia mkono kwenye sahani yangu bila kuuliza. Akatafuna. Akatafuna tena. Soko zima likasubiri.

"Chakula hii," akasema, "mbaya kabisa."

Na akachukua kiazi kingine. Tukala pamoja mpaka sahani ikaisha, mimi machozi yananitoka, yeye amekunja uso kwa kila tonge. Tulipomaliza nikainuka, nimeshika bega lake kwa ajili ya magoti, nikasimama wima mbele ya watu, nikabaki nimesimama hivyo muda mrefu, maana Habuba alitaka wote waone kwamba safari hii sianguki. Mwishowe dereva mmoja wa lori la kwenda Sudani Kusini akavuta benchi akasema, "Mama Saida, leta gurusa mbili." Nyuma yake akaja mwingine.

Harusi ilifanyika, na Saida sasa ni mke wa mdogo wangu. Mimi nimeapa. Siku hizi nikiingia nyumba ya watu, kabla hatujamaliza salamu nimeshataja ugonjwa wangu na vyakula vyote nisivyokula, mpaka wengine wananiona sina haya, wacha wanione. Mkoba nauacha wazi pale mlangoni.