Papa Dentifrice na dola yake

Jirani yetu wa Butembo tunamuitaka Papa Dentifrice, ni kusema dawa ya meno, juu jirani mwingine, Mama Kahongya, alimukuta ku robinet ya maji anasugua dola ya zamani, ile ya madini ya feza, na brosse yake ya meno. Huyu papa alikuwa ameuza mbuzi ya bibi yake, mama ya watoto wake, juu ya kuinunua. Anasuguaka ile sura ya ku dola, kisha meno yake mwenyewe, anaipatia points kama mwalimu: «Grande distinction!»

Juzi mununuzi wa dola za zamani akatoka Beni. «Mais papa, ule weusi wa buzee njo tunalipiaka! Umeutosha wote!»

«Dola chafu, nani anaikamataka huku?» Papa akamujibu, juu huku kwetu dola ya karatasi ikiwa na doa kidogo tu, ma boutique zinaikatalaka.

Sasa ameitundika mu moshi ya jikoni. Kila asubui anauliza bibi: «Imeshazeeka?»

«Uliza mbuzi yangu.»

Na kwenu, nani alisugua mali mpaka akaiharibu? Mutuandikie hapa chini, tucheke wote.