Ghorofa ya Tatu ya Baba Jacklyne

Siku zile, kila asubuhi kabla ya chai, Baba Jacklyne alikuwa akipanda juu ya paa la ploti yake ya kupangisha pale Makadara akiwa na mswaki mdomoni, akaupa ukuta mgongo na kuusukuma kwa makalio. Mara moja tu, kwa adabu. Ukuta usipotikisika, aliuambia, "Uko," kisha akashuka.

Jina lake ni Shiundu. Alifanya kazi ya reli hadi kustaafu, na ploti hii ya ghorofa mbili ndiyo jasho lake. Mapaa ya mtaa wetu yote yana ukuta mfupi ukingoni, wa kuzuia watoto na nguo visianguke. Wa Shiundu, upande wa barabara, ulimzidi yeye mwenyewe kimo, na ulikuwa na madirisha ya kuchorwa.

Chanzo ni simu. Baba wa kijana anayemtaka Jacklyne alipiga kutoka Busia, na katika kusalimiana tu akawa ameshaitaja trekta yake mara tatu. Shiundu akajibu kwamba yeye ana nyumba ya ghorofa tatu. Yule mzee akafurahi, akasema wakija mwezi ujao kuzungumza mahari wataiona.

Ghorofa haijengwi kwa mwezi mmoja, lakini ukuta unajengwa. Fundi alipandisha mawe juu ya yale ya zamani bila nguzo wala chuma, kwa sababu, Shiundu alisema, hakuna mtu atakayelala humo. Kisha Willis, anayechora mabango ya vinyozi, akaweka madirisha yenye mapazia, na katika moja akaongeza mwanamke anayechungulia.

"Huyo ni nani?" Kezia, mke wa Shiundu, aliuliza akiwa barabarani.

"Ni pambo tu, mama."

"Pambo limepaka wanja?"

Willis akamvisha yule mwanamke kitambaa cha kichwa, halafu miwani, halafu akaendelea kumzeesha mpaka Kezia akaridhika.

Siku moja kabla ya wageni kufika, upepo wa kutangulia mvua ukaja. Triza, mwenye kibanda cha chapati chini ya ukuta ule, alimwita Shiundu huku akisukuma unga.

"Baba Jacklyne, yule mama wako wa dirishani ananiitikia kwa kichwa."

"Ni moshi wa jiko lako, Triza."

"Moshi haumwagi mchanga kwenye unga."

Shiundu akapanda. Akaupa ukuta makalio, na kwa mara ya kwanza ukuta ukamsukuma yeye. Akatuita wapangaji wote. Upepo ulikuwa ukitoka barabarani, ukiusukuma ukuta uje ndani, basi tukapanga migongo, tukauegemea. Bwire, mlinzi wa kiwanda aliyekuwa amelala baada ya zamu, aliegemea akiwa bado na blanketi lake. Tulijiona mashujaa.

Kisha upepo ukageuka. Ukavuka paa kutoka nyuma ya ploti, shuka za Kezia zikatufunika nyuso, na ukuta ukaanza kwenda zake barabarani, kwa Triza, nasi tumeuegemea.

"Tokeni," Bwire alisema taratibu. "Sasa tunausaidia upepo."

Tukajinasua. Ukuta ukasita, ukarudi mahali pake kama mtu aliyesahau alichokuwa akifuata. Chini, Triza alikuwa ameshavuka barabara na jiko lake, chapati ikiungua.

Shiundu akachungulia. Alikitazama kigoda ambacho Triza hukikalia kutwa, kikiwa peke yake chini ya mawe yale yote. Upepo ulipotulia, aliomba nyundo.

"Baba, wageni ni kesho," Jacklyne akasema.

"Na gari lao wataliegesha hapo hapo."

"Anza na huyo mama," Kezia akasema.

Tukaubomoa kuanzia juu, mawe yakivutwa kuja ndani, hadi ukuta ukabaki wa kufika kiunoni. Jua lilipokuwa likishuka nilimpelekea Shiundu maji ya kunawa, nikamwuliza swali lililokuwa limenikaa tangu alipoishika nyundo.

"Baba Jacklyne, wakiuliza ghorofa ya tatu iko wapi, utawaambia nini?"

Alinawa mikono yote miwili kwanza.

"Nitawaambia nilidanganya."