Kitabu cha Bibi Akanisi

Bibi Akanisi Vuetaki alipiga taipu katika ofisi za jiji la Suva miaka thelathini na miwili, na alipostaafu hakuweza kukaa bure. Akaanza kuuandika mtaa wetu wa Raiwaqa: nani alihamia baada ya nani, nani alimwiga nani, kwa nini upande huu wa barabara wanasali kanisa hili na upande wa pili lile. Alikuwa anabisha hodi, anakaa mkekani, anauliza. Wakambatiza Mpelelezi.

"Ficheni sufuria, Mpelelezi huyo!"

"Sufuria yako naijua tangu juzi," anajibu, "muhogo mtupu!"

Miaka kumi na mmoja hiyo. Kisha akazishona kurasa kwa mkono, nakala moja tu, akaipeleka maktaba.

Mimi nafundisha elimu ya jamii. Maktaba hiyo iliniomba niteue vitabu kumi kuhusu miji na jinsi watu wanavyofuatana, viwekwe kwenye rafu ya mlangoni na vikadi vyenye maneno yangu. Nilijiona mkubwa, jamani. Bibi Akanisi akanikuta sokoni nachagua magimbi.

"Mwalimu, na changu je? Si mambo ya mji hayo hayo?"

"Nitakiangalia, Bibi."

"Usikiangalie. Kisome."

Sikukisoma. Nilikifungua nimesimama, nikakutana na habari za mama fulani aliyenunua pazia kwa sababu jirani kanunua, nikasema moyoni, umbea huu, nikakirudisha. Vyangu vyote kumi vilitoka ng'ambo, vya miji yenye treni chini ya ardhi. Suva hii hata treni ya juu hatuna! Mtu mzima ovyo mimi.

Wiki ile ile rafu ikabaki tupu. Wanafunzi waliazima kwa sababu wenzao wameazima. Nikalitolea mfano darasani, tukacheka. Lakini maktaba ile ina desturi yake: kitabu kisichoazimwa miaka miwili kinaondolewa. Miaka miwili ikapita. Mhudumu akanipigia simu.

"Mwalimu, hiki kilichoshonwa kwa mkono, kuna mtu anakihitaji?"

Nilikuwa nasahihisha mitihani. Nikasema, "Sidhani." Hata kalamu sikuiweka chini.

Mwezi uliofuata nilinunua njegere za kukaanga kituo cha basi, kwa Bwana Ramsamuj. Alizifunga kwenye karatasi iliyopigwa taipu. Nikasoma huku natafuna: "Nyumba kumi za kwanza zilipaka milango rangi ya kijani kwa sababu rangi ilitolewa bure. Mwenye nyumba ya kumi na moja aliinunua. Nilimuuliza kwa nini. Akasema"

Karatasi ikaishia hapo. Miaka ishirini nafundisha mambo haya, na sijawahi kumuuliza mtu swali zuri kama lile.

"Bwana Ramsamuj, karatasi nyingine ziko wapi?"

"Zimekwenda na njegere, bosi. Nilipewa rundo tu kule maktaba, zimekwisha."

Aibu ilinishika. Nikafanya anavyofanya mtu wa kwetu akikosa: nikanunua fungu la mizizi ya yaqona, ile ya kinywaji cha kuombea radhi, nikaenda kwa Bibi Akanisi moja kwa moja, nikakaa chini mlangoni, kichwa nimeinamisha, nikamwomba tulizike kosa langu. Nilisema yote, hata ile "Sidhani".

Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Mwisho akaivuta mizizi upande wake, akapiga makofi matatu ya viganja vilivyokunjwa.

"Nimepokea," akasema. "Limezikwa."

Nikashusha pumzi. Kisha, mjinga mimi, nikatoa ile karatasi mfukoni.

"Bibi, huyo alikujibu nini? Tukae tukiandike kitabu chako upya. Utasema, nami nitapiga taipu."

Maneno yalipotoka tu nikajua nilichofanya. Kwetu kilichozikwa hakitajwi tena, si na aliyekosa, si na aliyekosewa. Nalijua hilo tangu utotoni. Ningekwenda na daftari kwanza, nikasikiliza mwaka mzima, ndipo niombe msamaha. Lakini nilikuwa na haraka ya kupata nafuu yangu.

Alinitazama kwa upole ulionichoma.

"Kitabu gani, mwalimu?" akasema, akanimiminia chai.